Namna ya Kupunguza Msongo wa Kazi kwa Makatibu Muhtasi na Wahudumu wa Ofisi Mombasa

Mtu anayeingia katika ofisi ya wakala wa forodha kule Shimanzi au Mbaraki, au ya wakili pale Nkrumah Road, au ya idara ya serikali karibu na Treasury Square, hupokewa kwanza na katibu muhtasi, na mara nyingi huondoka bila kutambua kwamba kazi ya ofisi nzima inapita katika meza ile moja. Hapo pana barua ya meneja inayongojwa, pana simu ya mteja ambaye kontena lake linaongezeka gharama za uhifadhi kila siku linapobaki bandarini, pana kumbukumbu za mkutano wa jana ambazo hazijapigwa chapa, na pana ujumbe wa dereva aliyekwama katika foleni ya Changamwe. Mwongozo huu ni wa katibu huyo, na pia wa wapokezi wa wageni, makarani wa masjala, matarishi na wahudumu wanaopika chai na kusafisha, ambao msongo wao huzungumzwa kidogo kuliko wa mtu mwingine yeyote ofisini.

Ushauri anaopewa mfanyakazi wa namna hii akilalamika ni kwamba avumilie, au aende Mama Ngina jioni akapunge upepo. Upepo wa bahari una faida yake, lakini asubuhi ya Jumatatu kazi zitamngoja kwa mpangilio ule ule uliomchosha. Mwaka wa 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza kwamba kazi inayoielemea akili kupita nyingine ni ile yenye madai mengi ambayo mwenye kuyatimiza hana kauli juu yake, kwa maana kwamba hapangi lipi litangulie, hapangi lini lianze, na hawezi kumwambia anayelileta angoje. Meneja naye ana kazi nyingi, ila anaweza kufunga mlango wake na kuagiza asisumbuliwe, na anayeagizwa kuwazuia wageni ni katibu.

Uchunguzi wa muda mrefu uliofanywa miongoni mwa watumishi wa serikali jijini London kuanzia mwaka wa 1967 ulionyesha kwamba wanaume wa ngazi ya chini kabisa, wakiwemo matarishi na mabawabu, walifariki kwa kiwango cha takriban mara tatu kuliko wakuu wa utawala, na kwamba sigara, shinikizo la damu na visababishi vingine vilivyojulikana havikutosha kueleza tofauti hiyo yote. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka wa 1985 chini ya Michael Marmot na kuwahusisha watumishi 10,308, wanawake kwa wanaume, ulihusisha ugonjwa wa moyo na kukosa kauli juu ya kazi. Ninayataja haya kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kuona uchovu wa katibu kuwa udhaifu wa tabia yake, na hivyo yeye mwenyewe huona haya kuusema. Hatua zifuatazo zinakusudia kumrudishia kauli juu ya saa zake za kazi, hata ikiwa ni kwa kiasi kidogo tu mwanzoni.

Andika kabla ya kulalamika

Chukua daftari dogo na kwa muda wa siku 10 za kazi uandike kila unapokatizwa. Andika saa, aliyekukatiza, alichotaka, kazi uliyoiacha, na muda uliopita kabla hujairudia. Usiandike hasira zako wala maoni yako juu ya mtu, kwa kuwa daftari hilo huenda likasomwa na wengine, na nguvu yake itatokana na kuwa limejaa mambo yasiyobishika.

Mwisho wa siku hizo mambo mawili au matatu hujitokeza. Katika ofisi nyingi zinazoshughulika na bandari, sehemu kubwa ya simu huuliza swali moja, yaani kama hati imetoka au gari limepakia, na kila simu huvunja kazi nyingine katikati. Jambo kama hilo lina dawa: pendekeza kwamba taarifa za hali ya mizigo zitumwe kwa wateja wote kwa wakati maalumu, kwa mfano saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na mteja anayepiga simu katikati aambiwe kwa upole saa ambayo taarifa yake itatoka. Pengine daftari litaonyesha kwamba kazi hurundikana kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, wakati wenzako wangali kwenye feri ya Likoni au kwenye msongamano wa daraja la Nyali na wewe uko peke yako na simu zote. Hapo suala la kujadili na mkuu wako ni zamu ya asubuhi, na halitahusu tena wingi wa kazi kwa jumla, ambao hakuna mkuu anayejua la kuufanyia.

Wakubwa wengi, orodha moja

Hapa ndipo msongo unapozaliwa zaidi, na ndipo ninapoomba msomaji atulie nami. Katibu anayehudumia wakubwa watatu hupewa kazi tatu, kila moja ikiitwa ya dharura, na kila mkubwa akidhani ni yake peke yake iliyoko mezani. Kwa kuwa hakuna anayeijua orodha nzima, katibu hulazimika kuamua kimya kimya ni nani atakayemkasirikia, na uamuzi huo, ambao haukuwa wake kuufanya, ndio anaokwenda nao nyumbani usiku.

Dawa ni kuiweka orodha mahali ambapo wote wanaiona, iwe ni ubao mdogo karibu na meza au karatasi inayoandikwa upya kila asubuhi. Kila kazi iandikwe pamoja na aliyeileta, saa aliyoileta na saa anayoitaka. Kazi mpya inapoingia na kuisukuma ya zamani, mwenye kazi ya zamani anapaswa kujua wakati huo huo, kabla ya saa aliyoahidiwa kufika.

Wengi watasema kwamba hayo ni rahisi kuyaandika na vigumu kuyatamka. Ni kweli kwamba kwetu Pwani kumkatalia mtu mzima waziwazi huhesabiwa ufidhuli, hasa aliyekuzidi umri, na sidhani kwamba adabu hiyo inafaa kuvunjwa. Kinachofaa ni kumrudishia mkubwa uamuzi ambao ni wake. Mfano wa maneno ni huu: “Bwana Meneja, ule mkataba ulionipa ningekuletea saa sita. Sasa hivi Bi. Mhasibu ameniletea hesabu za mwezi na anazitaka saa hiyo hiyo. Naomba uniambie nitangulize lipi, nami nitamjulisha mwenzako.” Katika maneno hayo hakuna udhuru wala lawama. Msemaji hakutaja uchovu wake, na hakuomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda. Ameeleza hali na ameomba maelekezo. Wakubwa wawili wakiendelea kuvutana, omba wazungumze wao kwa wao, maana ukikubali kubeba maneno kutoka chumba hiki hadi kile, ugomvi wao utakuwa wako kabla ya adhuhuri. Uamuzi ukishafikiwa, uandike katika barua pepe fupi yenye saa na jina la kazi.

Zipo pia zile kazi zisizo za ofisi kabisa, kama kumlipia mkubwa karo ya mtoto benki au kumtafutia tikiti ya treni ya familia yake. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 10, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na yanapobadilika, mfanyakazi ashauriwe na ajulishwe kwa maandishi. Tafuta barua yako ya kuajiriwa uisome upya. Usiitoe siku ya ugomvi. Ingoje siku ya tathmini ya kazi, ukae na daftari lako, useme kwamba kazi hizi na hizi zimeongezeka na ungependa ama ziandikwe na kupewa muda wake, ama ziondolewe.

Matarishi na wahudumu wa chai wana taabu kubwa zaidi katika jambo hili, kwa sababu kila aliye ofisini hujiona kuwa ni mkubwa wao. Tarishi hutumwa benki, akirudi hutumwa posta, akirudi tena huulizwa kwa nini hakupitia bandarini, na yote hayo juani. Ofisi ikubaliane juu ya safari mbili kwa siku zenye saa zinazojulikana, na barua za kupelekwa ziwekwe kwenye trei moja kabla ya saa hizo. Anayetaka kumtuma nje ya saa hizo apitie kwa msimamizi mmoja. Utaratibu huu hauna gharama yoyote, na sioni sababu ya ofisi kuukosa.

Kaunta, simu na siri

Mpokezi wa wageni hulipwa kwa uso mkunjufu, na uso mkunjufu mbele ya mtu anayekutukana ni kazi nzito kama kubeba gunia. Mteja mwenye hasira mwache amalize. Ukimkatiza ataanza upya. Mwamkie kwa heshima ya umri wake, mkaribishe kiti, kisha lirudie jambo lake kwa maneno yake mwenyewe ili ajue kwamba limesikika. Halafu mwambie utakalolifanya na saa utakayolifanya: “Shikamoo mzee, karibu uketi. Hati yako iko kwa afisa wa forodha wetu tangu jana. Nitamwuliza sasa hivi, na kabla ya saa nane nitakupigia mimi mwenyewe.” Usiahidi kwamba hati itatoka, kwa kuwa hilo haliko mikononi mwako, ahadi yako ni kumpigia, nayo itimize hata kama huna habari njema. Ofisi nayo iwe imekubali mapema kwamba matusi yakizidi, mpokezi ana ruhusa ya kumwita msimamizi achukue nafasi yake, kisha aondoke kaunta kwa dakika chache akanawe uso. Kumpokea mteja mwingine papo hapo, huku mikono ingali inatetemeka, ndiko kunakomvunja mtu.

Jambo moja linanisikitisha kwa namna ya pekee, nalo ni desturi ya kumwagiza katibu aseme “hayupo” ilhali mkubwa amekaa ndani na sauti yake inasikika. Mtu mwenye imani hulala na uongo huo moyoni, na mteja akigundua, anayedharauliwa ni katibu. Mwombe mkubwa mkubaliane juu ya maneno ya kweli, kama vile “Kwa sasa hapokei wageni, lakini nitamfikishia ujumbe wako.” Wakubwa wengi hukubali bila ubishi, kwa sababu hawakuwahi kufikiria kwamba neno lile lilikuwa likimwumiza mtu.

Siri ni mzigo wa aina nyingine. Katibu huandika barua za kuwaachisha kazi watu anaokula nao mchana, na huijua mishahara ya wote. Katika mji kama huu, ambapo mwenzako wa ofisini huenda ni shemeji wa jirani yako, neno likitoka halirudi. Anayekudadisi mjibu kwa upole kwamba jambo likiwa tayari kutangazwa atalisikia kwa mwenyewe, na usianze hata kudokeza. Wewe nawe unahitaji mahali pa kuutua mzigo huo. Unaweza kuzungumza na mshauri nasaha, ambaye kazi yake ni kutunza siri, au na mtu mzima wa familia asiyehusika na shughuli hiyo, ukamweleza unavyojisikia bila kutaja majina wala yaliyomo katika faili.

Saa za kazi na saa za nyumbani

Simu ya mkononi imeipeleka ofisi hadi kitandani. Kundi la WhatsApp la ofisi hulia saa tatu usiku, na katibu huona kwamba asipojibu atahesabiwa mvivu. Kubaliana na mkuu wako kwamba ujumbe wa kawaida utasomwa saa mbili asubuhi, na kwamba jambo lisiloweza kulala lipigiwe simu. Watu hutuma ujumbe bila kufikiri, lakini kabla ya kupiga simu usiku mtu hujiuliza kwanza kama pana haja.

Sheria ya Ajira inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Kwa wale wanaosimamiwa na agizo la jumla la mishahara linalotolewa na serikali, wiki ya kawaida haipiti saa 52 katika siku 6, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, au mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu. Andika saa zako za ziada kila siku unapozifanya, hata kama ofisi haizilipi, kwa kuwa kumbukumbu ya miezi inasikilizwa kuliko malalamiko ya siku moja.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji makubaliano yake. Mfanyakazi anayefunga anaweza kuomba saa yake ya chakula cha mchana iunganishwe na jioni ili afike nyumbani kabla ya magharibi, lakini yasemwe kabla ya mwezi kuandama na yaandikwe, ili mwenzake asiyefunga asijikute amerithi simu za alasiri bila kuulizwa. Vivyo hivyo kwa saa ya swala ya Ijumaa.

Kuhusu mwili nitasema machache. Kuanzia Januari hadi Machi joto la Mombasa huwa kali, na mara nyingi kiyoyozi kiko chumbani kwa meneja huku kaunta ikiwa wazi kuelekea barabarani. Omba feni na maji ya kunywa kwa maandishi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri alinde usalama, afya na ustawi wa wafanyakazi wake, na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi huwa na kamati ya usalama na afya ambayo inaweza kulipokea ombi hilo. Kioo cha kompyuta kiwe usawa wa macho, na kila baada ya dakika 20 yaelekeze macho mbali, umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Chakula cha mchana kilwe mbali na meza ya kazi, kwa kuwa anayekula mezani huonekana na kila mtu kuwa yuko kazini.

Palipo na dhuluma

Msongo unaotokana na kuguswa, kutongozwa kwa vitisho au kuahidiwa cheo kwa mapenzi haupunguzwi kwa mpangilio wa kazi, na asikudanganye mtu kwamba ni jambo la kuvumilia. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinaeleza unyanyasaji wa kingono kazini na kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa juu yake. Andika tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, na nakala uiweke nyumbani, nje ya kompyuta ya ofisi. Ripoti kwa maandishi. Ikiwa anayekudhulumu ndiye anayepokea ripoti, njia ziko kwa chama chako cha wafanyakazi, kwa afisa wa kazi wa serikali, na hatimaye katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi Mombasa pia.

Uchovu unapogeuka ugonjwa

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeueleza uchovu wa kupindukia wa kazini kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu usiodhibitiwa, yenye dalili tatu, nazo ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuona kwamba hufanyi lolote la maana. Shirika hilo halikuihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa wenyewe. Hata hivyo sonona na shinikizo la damu ni magonjwa, na mtu anayeamka usiku wa manane moyo ukimwenda mbio, anayelia bila sababu, au anayeshtuka kila simu inapolia, kwa zaidi ya wiki 2, anahitaji kumwona daktari. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko Mombasa kisiwani, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hutoa ushauri nasaha kupitia simu ya bure 1199. Sheikh au padri ni msaada mwema pia, lakini asiwe badala ya daktari. Ikiwa umefikia kuwaza kujidhuru, mwambie mtu leo hii na uende hospitali ukiwa naye.

Baada ya miezi miwili mfululizo ya kazi, mfanyakazi anastahili katika kila mwaka angalau siku 7 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari.

Likizo ya mwaka

Makatibu wengi huahirisha likizo kwa sababu mkubwa husema hawezi kufanya kazi bila wao, na wao huipokea kauli hiyo kama sifa. Sheria inatoa angalau siku 21 za kazi zenye malipo kwa kila miezi 12. Omba tarehe mapema, mwaka unapoanza, kabla wengine hawajazichukua, na miezi miwili kabla ya kuondoka anza kumfundisha atakayeshika nafasi yako, iwe ni karani wa masjala au mpokezi. Mwachie karatasi yenye mambo yanayosubiri, mahali kila faili lilipo, wateja wanaohitaji kupigiwa na siku zao, na jina la mkubwa mwenye kuamua kila jambo. Kubaliana na mkuu wako juu ya mambo mawili tu yatakayokubalika kukupigia simu, na uyaandike kwenye karatasi hiyo hiyo. Siku ya kwanza ya kurudi usipokee simu hadi saa nne. Tumia muda huo kukaa na aliyekushikia, mpitie orodha jambo moja moja, na umwulize ni lipi lililomsumbua zaidi, kisha jibu lake uliandike kwenye daftari lako la kukatizwa na umpelekee mkuu wako wiki hiyo hiyo.